Nani Yuko Saiti Usiku?

Jengo linalojengwa Kakoba, mtaa wa Mbarara nchini Uganda, hulijua kutoka mbali. Utaona uzio wa mabati yaliyokwisha kutumika saiti nyingine mbili tatu, yamejaa matundu ya misumari. Juu ya mabati utaona msitu wa mikaratusi iliyosimamishwa bega kwa bega kubeba slabu mbichi, na juu ya slabu nondo zilizochomoza kwenye vichwa vya nguzo, zikingojea ghorofa ambayo mwenye jengo bado anaitafutia fedha. Sensa ya 2014 iliikuta Mbarara na watu 195,013. Tarehe 1 Julai 2020 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji, pamoja na Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka na Fort Portal, na wenye viwanja wakazidi kufikiria kwenda juu badala ya kwenda kando. Saa mbili za usiku mafundi wameshaondoka. Hapo ndipo linapoanza swali la nani anabaki ndani ya uzio, nani anaingia, na nani akikutwa humo ataaminiwa anapojieleza.

Wako watu duniani ambao uzio wa namna hiyo kwao ni mwaliko. Ulaya, Urusi na Amerika Kaskazini umejengeka utamaduni mzima, uitwao upelelezi wa majiji (urban exploration), wa kuingia bila ruhusa kwenye majengo yaliyotelekezwa, kwenye mahandaki, na hasa kwenye saiti za maghorofa marefu, usiku, kwa ajili ya kuona na kupiga picha tu. Miiko yao ni mitatu: usivunje, usiibe, usiache alama. Jeff Chapman wa Toronto, aliyejiita Ninjalicious, alianzisha jarida la Infiltration mwaka 1996, na mwaka 2005, mwaka ambao alifariki, kikatoka kitabu chake Access All Areas ambacho wengi wanakichukulia kama mwongozo wa fani. London, mwanajiografia Bradley Garrett na wenzake walipanda mnara wa Shard usiku kabla haujakamilika. Mwanzoni mwa 2014, siku ya mwaka mpya wa Kichina mafundi wakiwa likizo, Vadim Makhorov na Vitaliy Raskalov waliikwea Shanghai Tower, mita 632, kisha wakaikwea na kreni iliyokuwa juu yake. Video yao ilitazamwa na mamilioni.

Mchezo huo una makaburi yake. Novemba 2017 kijana wa Kichina Wu Yongning alianguka kutoka juu ya jengo la ghorofa 62 mjini Changsha, akijirekodi. Iliripotiwa kwamba alikuwa anatafuta fedha za harusi na za matibabu ya mama yake. Mwaka 2019 mahakama moja ya Beijing iliamua kwamba kampuni ya video iliyokuwa ikirusha kazi zake ilibeba sehemu ya lawama. Huyu hakuwa mtu wa kutafuta raha. Kwake lilikuwa suala la mkate, na hapo tayari anafanana zaidi na watu tutakaowakuta Kakoba kuliko na Garrett.

Ukiwauliza wapandaji kwa nini wanafanya hivyo, majibu hayazidi matatu. La kwanza ni damu changa, na halihitaji maelezo. La pili ni picha: jiji linalotazamwa kutoka juu, usiku, likiwa kimya. Jijini Nairobi sura hiyo imepata mtazamaji wake hodari, Mutua Matheka, mpiga picha aliyesomea usanifu majengo, ambaye ameionyesha Nairobi kutoka kwenye mapaa kiasi kwamba wakazi wake wenyewe walianza kuiona upya. Lakini tangu shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Septemba 2013, ukitoa kamera kubwa juu ya jengo la katikati ya jiji, mlinzi atakufikia kabla hujaikaza kwenye stendi. Jibu la tatu ndilo Garrett alilolijengea hoja: kwamba jiji linajengwa na kubadilishwa bila wakazi kuulizwa, kwa hiyo anayeruka uzio anajichukulia haki ya kutazama aliyonyimwa. Mimi hoja hii naiona nzito. Tatizo lake ni kwamba iliandikwa na mtu ambaye akikamatwa huulizwa kwanza alikuwa anafanya utafiti gani.

Na kweli alikamatwa. Mwaka 2012 polisi walimtoa ndani ya ndege pale Heathrow. Kesi ilivutwa hadi 2014, akaachiwa kwa masharti, na kazi ya chuo kikuu haikumponyoka. Hukumu ya namna hiyo haina ubaya wowote. Ubaya ni kudhani kwamba kila mtu anayekutwa juu ya jengo saa saba za usiku atapata mahakama ya aina hiyo.

Turudi Kakoba, tutazame ndani ya mabati. Wa kwanza ni askari. Kwenye saiti kubwa ana bunduki ya kampuni ya ulinzi na redio. Kwenye saiti ndogo, ambazo ndizo nyingi, ni mzee mwenye tochi, rungu na koti zito, na moto wa vipande vya mbao zilizoharibika. Kazi yake hasa ni kulinda simenti, nondo na waya. Ikipotea mifuko mitano anakatwa kwenye mshahara, kwa hiyo hana sababu ya kumstahimili mtu yeyote anayesema amekuja kuangalia nyota.

Wa pili ni vibarua wanaolala palepale. Uganda huwaita mapota, kina baba na vijana wa kubeba, kuchimba na kuchanganya. Anayetoka mbali hana nauli ya kwenda na kurudi kila siku, naye foromani akimruhusu analala ghorofa ya chini, kwenye chumba kitakachokuwa duka siku moja. Kitanda chake ni mifuko mitupu ya simenti iliyokung'utwa na kutandikwa mara mbili, juu yake blanketi. Vumbi la simenti halishindwi kabisa na kukung'utwa, ndiyo maana asubuhi utawaona wakijimwagia maji kutoka kwenye pipa kwanza machoni. Huyo anayelala hapo analijua jengo kuliko mtu yeyote. Anajua ukuta upi unapitisha maji mvua inaponyesha, na ngazi ipi ina kidato kilichopishana na vingine.

Miongoni mwao wamo watu wa Nakivale. Makazi hayo, wilayani Isingiro, yalianza kupokea Wanyarwanda mwaka 1958 na yakatambuliwa rasmi 1960. Leo Wakongo ndio wengi, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawapa haki ya kwenda na ya kufanya kazi, jambo ambalo nchi nyingi hazithubutu kulitamka. Ardhi wanayogawiwa ni ya kutumia tu, hawaruhusiwi kuiuza wala kuikodisha, na nyumba nyingi ni za miti, udongo na turubai. Kijana aliyekulia kijiji cha New Congo anaweza kufikisha umri wa kuoa bila kukanyaga ghorofa ya tatu. Siku anayopanda ghorofa hiyo kwa mara ya kwanza, mara nyingi atakuwa na karai la zege kichwani.

Siku ya kumwaga slabu ndiyo saiti inapokesha. Zege likianza kumwagwa halikatizwi ovyo. Ukimwaga nusu leo likakauka, ukaendelea kesho, kiungo kinakuwa dhaifu na maji hupenya hapohapo. Kwa hiyo watu wengi huajiriwa kwa siku moja, mashine ya kuchanganyia inanguruma tangu alfajiri, na makarai yanapanda mkono kwa mkono kwenye ngazi ya miti. Jua likizama bado robo ya slabu, zinaazimwa taa. Foromani anaamrisha kwa Kinyankole, fundi wa nondo anatukana kwa Kiganda, na ule mstari wa makarai unapokezana kwa Kiswahili cha Kivu. Hapo ndipo unapoona jiji kutoka juu usiku: taa za Nyamityobora upande mmoja, malori ya Barabara ya Masaka upande mwingine, na mtu asiye na hata sekunde ya kugeuza shingo kwa sababu karai linalofuata limeshafika mikononi.

Hawa sijawahi kusikia wakiitwa wapelelezi wa majiji. Wako kwenye kimo kilekile, gizani, bila kamba wala kofia ngumu, na tofauti kati yao na wapandaji wa Shanghai ni kwamba wao wanalipwa kidogo na hakuna anayewarekodi. Wakati wa korona kubaki kwao saiti usiku kuligeuzwa kuwa amri. Amri ya kutotoka usiku ilianza Uganda mwisho wa Machi 2020, kuanzia saa moja jioni, na haikuondolewa hadi Januari 2022. Serikali ilikubali saiti ziendelee iwapo wenye kazi wangeweza kuwalaza vibarua hukohuko. Kwa muda ule, mtu aliyetembea usiku mtaani alikuwa mkosaji, na pota aliyelala kwenye jengo lisilo na madirisha alikuwa miongoni mwa wachache waliokuwa mahali pao kihalali.

Sheria yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mchezo huu haukuota mizizi kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Uganda, iliyoanza kutumika 1950, ilirithi kutoka Uingereza kosa la uhuni na uzururaji. Mizizi yake ni Sheria ya Uzururaji ya 1824, iliyotungwa baada ya vita vya Napoleon wakati barabara za Uingereza zimejaa wanajeshi waliorudi bila makao. Moja ya aya za Kanuni hiyo ilimfanya mkosaji yeyote anayekutwa akirandaranda ndani ya jengo, karibu na jengo, au barabarani, kwa wakati na katika mazingira yanayoonyesha kwamba yuko hapo kwa jambo baya. Soma tena. Hakuna kitendo kilichotajwa, kuna saa na mahali tu. Polisi alichohitaji ni kukutazama na kuhitimisha.

Kijana wa Malawi aitwaye Mayeso Gwanda alikamatwa mwaka 2015 kwa sheria ya ukoo huohuo, alfajiri, akienda kuuza mifuko ya plastiki. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ikaifuta aya hiyo. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika. Desemba 2022 zamu ya Uganda ikafika: katika kesi iliyofunguliwa na Francis Tumwesige Ateenyi, Mahakama ya Katiba ilifuta aya zilizohusika, ikiona kwamba zinamhukumu mtu kwa kushukiwa.

Kilichobaki kwa mwenye jengo ni kosa la kuingilia mali ya mtu, nalo linataka kuthibitishwa nia: kwamba uliingia ili utende kosa, au umtishe, umtukane au umsumbue mwenye mali. Kwenye karatasi, basi, mtu aliyeruka uzio wa Kakoba akiwa na kamera tu ana cha kujitetea mahakamani.

Ila njiani kwenda mahakamani kuna mtaa. Mtu akipiga kelele za mwizi saa saba za usiku, au kwa Kinyankole omushuma, wanaotoka ndani hawaulizi nia. Ripoti za kila mwaka za polisi wa Uganda zimekuwa zikihesabu mamia ya watu wanaouawa na wananchi wenye hasira. Hii ndiyo hatari kubwa zaidi ya mchezo huu katika miji yetu. Inazidi shimo la lifti lililoachwa wazi, inazidi msumari uliosimama kwenye ubao, inazidi shimo la msingi lililojaa maji ambalo mtoto hulidhania dimbwi. Mpandaji wa Ulaya anaogopa kuanguka. Hapa mtu anaogopa zaidi kukutwa.

Na woga huo haugawanywi sawasawa. Mtoto wa mwenye duka anajulikana. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, akiamshwa atasema, huyu ni wa fulani, mwacheni. Mwanafunzi wa chuo ana kitambulisho chenye picha na lafudhi inayomsaidia. Mgeni mwenye kadi ya ukimbizi, anayejibu kwa Kiswahili pale anapoulizwa kwa Kinyankole, hana wa kumsemea. Zaidi ya hapo, familia nyingi za Nakivale zina faili la kuhamishiwa nchi ya tatu lililokaa miaka, faili linalopekuliwa na vyombo vya usalama vya nchi pokezi. Nani atajipalia makaa kwa ajili ya picha ya taa za mji?

Niongeze jambo ambalo wageni hawalijui kuhusu mji huu. Mbarara iliwahi kuwa jiji la magofu kweli. Mwishoni mwa Februari 1979, wakati wa vita vilivyoanza baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera, wanajeshi wa Tanzania waliutwaa mji na kulipua sehemu kubwa ya majengo yake kwa baruti, kulipiza yaliyotendwa Kagera. Masaka ilipatwa na hayohayo. Kwa miaka kadhaa kuta zisizo na paa zilibaki zimesimama, na watu walipita ndani yake kwenda sokoni. Anayesafiri leo kutafuta magofu ya kupiga picha angeshangaa wazee wanavyoyakumbuka: mahali pa kuchota matofali.

Hadi hapa nimeongea kama vile kosa liko upande wa anayeingia. Sasa nigeuze kibao, kwa sababu hapa ndipo hoja ya Garrett inapopata nguvu ambayo yeye mwenyewe hakuihitaji London. Afrika Mashariki majengo huua, na mara nyingi kilichoua kilikuwa kinaonekana kabla ya kupakwa lipu. Septemba 2004 hoteli iliyokuwa ikijengwa Bwebajja, kwenye Barabara ya Entebbe, iliporomoka na kuua zaidi ya watu 10. Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, likiwa bado linajengwa, liliua watu 36, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza kando ya msikiti wa jirani. Kibali chake, ilielezwa baadaye, kilikuwa cha ghorofa 10. Ghorofa sita hazifichiki. Mtu yeyote mwenye macho aliyesimama ng'ambo ya barabara angeweza kuzihesabu, ila hakuwa na kibali mkononi cha kulinganishia.

Aprili 2016 Huruma, Nairobi, jengo la makazi lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshawekwa kwenye orodha ya kubomolewa. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, Zanzibar, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka jumba likiwa katikati ya ukarabati, na mafundi wawili wakafa. Novemba 2024 jengo la Kariakoo lilianguka watu wakiwa kazini chini yake, zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Kila baada ya tukio kama hilo huundwa tume, na tume huuliza mchanganyiko ulikuwaje, nondo zilikuwa za unene gani, nani aliondoa nguzo za miti kabla ya wakati. Zege huhitaji takriban siku 28 kufikia nguvu iliyopigiwa hesabu. Mwenye haraka ya kuhamishia mikaratusi ghorofa inayofuata hungoja wiki moja. Hayo huonekana kwa macho, na mwenye kuyaona ni yule aliye ndani.

Lakini hata wakubwa hawaingii kirahisi. Machi 2019 Bunge la Uganda liliidhinisha dhamana ya dola milioni 379 kwa hospitali ya kimataifa ya Lubowa, nje kidogo ya Kampala. Wabunge waliokwenda baadaye kuona fedha za umma zinajenga nini walizuiwa langoni, mchana kweupe, wakiwa na magari ya Bunge. Kama mbunge anageuzwa getini, mkazi wa Kakoba anayetaka kujua kama ghorofa la jirani litaangukia nyumba yake aanzie wapi?

Kwa majengo ya serikali ana pa kuanzia. Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 zinampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa dola. Angalia neno raia. Mkimbizi anayelala kwenye jengo hilo hayumo. Kwa majengo binafsi kuna Sheria ya Kudhibiti Ujenzi ya 2013, iliyounda Bodi ya Taifa ya Mapitio ya Majengo na kuzitaka wilaya na miji kuwa na kamati za majengo zinazotoa vibali vya kujenga na vya kuhamia, pamoja na afisa wa kukagua. Ni sheria nzuri. Afisa huyo ana mji mzima, na jengo huliona kwa mwaliko, mchana, siku ambayo foromani amefagia.

Kwa hiyo sidhani kama dawa ni vijana wetu kuanza kuruka mabati kwa kuiga video. Anayetaka picha, na wapo wenye vipaji Mbarara na hata Nakivale, aende Jumapili alasiri akamwone foromani na kitu cha soda. Wengi hukubali, maana fundi hupenda kazi yake ionwe. Kilicho kigumu zaidi ni yale anayoyajua pota. Usiku wa slabu, yeye ndiye aliyeona simenti ikipungua saa nne na kokoto kuongezwa ili kazi iishe. Fomu za kibali zina nafasi ya saini ya mhandisi, ya msanifu na ya mwenye jengo. Pota hulipwa ujira wake asubuhi, na kufikia mchana huenda yuko kwenye teksi ya kurudi Isingiro, bila mtu wa kumuuliza alichokiona. Mimi ningeanza na namba ya simu ya afisa wa majengo, iandikwe kwenye mabati ya kila saiti kwa Kinyankole na kwa Kiswahili, na anayepokea asianze kwa kuuliza kitambulisho.